Ukuta wa Jikoni

Mama yangu, Mbelu, alikuwa amefunga begi lake tangu Jumapili. Jumamosi, siku ya posho kama tunavyoiita hapa Kolwezi, angepanda gari kwenda Lubudi kwa mdogo wake Mushiya, na nilijua akienda hatarudi. Alikuwa amekaa kwangu miezi miwili tu. Kilichomfukuza ni jikoni langu.

Nyumba yetu ni ya kambi ya zamani ya wafanyakazi wa mgodi: sebule, vyumba viwili, na jikoni la mita mbili kwa mbili na nusu. Choo na bafu viko uani, na njia ya kwenda uani inapita katikati ya jikoni. Sasa kwetu sisi watu wa Kasai, mwanamume na mama mkwe wake hawabanani mahali pembamba wala hawatazamani usoni. Mume wangu Badibanga akitaka kwenda kuoga alikohoa sebuleni, na mama akajibanza kando ya friji, uso ukutani, mpaka apite. Wiki iliyopita Badibanga alichelewa kazini, akasahau kukohoa. Mama aliruka na karai la mafuta ya moto mkononi, yakammwagikia mguuni.

Nilipomfunga kitambaa hakulia. Alisema tu, "Umwambie bwana yako hana makosa." Miezi miwili alikuwa akimtumia salamu kupitia kwangu, kama mtu aliye ng'ambo ya mpaka.

Niliona uchungu, halafu nikaona hasira, na hasira ndiyo iliyonifaa. Jumanne nikamwita Mpoyi, fundi wa matofali.

Mpoyi alikuja na picha kwenye simu, jikoni la mmoja wa wahandisi wa mgodi: meza ndefu ya saruji, vigae vyeupe, sinki linalong'aa. "Madame, ba-ingénieur bote beko na hivi."

"Na bamama bakwe ya ba-ingénieur banasongaka bukari wima?" nilimuuliza, maana kwetu bukari, yaani ugali, husongwa mtu ameketi. "Mi nataka ukuta. Ukuta moya tu."

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, chaki sikosi. Nilipiga mstari sakafuni kutoka mlango wa sebule hadi mlango wa uani. Upande huu njia, upande ule jikoni, na jikoni litobolewe mlango wake kutoka sebuleni. Kwanza nikapima njia. Nilipanga viti mistari miwili, sentimita sabini katikati, nikamwambia Badibanga apite. Alipita kwa ubavu, tumbo limevutwa ndani.

"Iongezwe kidogo," alisema.

"Hapana. Tumbo lipunguzwe."

"Na friji?"

"Itaenda chumbani."

"Friji ilale na sisi?"

"Weye njo uliinunua. Italala upande yako."

Hakubisha. Tangu siku ile ya mafuta alikuwa haulizi mengi.

Kisha nikamwita mama, nikamwekea kigoda, mbabula, jiko letu la makaa, isiyo na moto, sufuria tupu na mwiko.

"Songa, mama."

"Nisonge nini? Hakuna unga."

"Songa tu."

Alinitazama kama anayemtazama mtu mwenye homa. "Falonne, mi sikukuya kubomoa nyumba ya batu. Uniache niende."

"Utaenda siku ya posho. Leo haiko siku ya posho. Songa."

Akashika sufuria kwa miguu, akaanza. Nilichora pale kiwiko chake kilipofika, na pale magoti yalipofika. Ilitoka mita moja na robo. Meza ya saruji ya Mpoyi isingeingia hata nusu, kwa hiyo vyombo vyote vikahukumiwa kupanda juu, kwenye mbao ukutani, na moshi ukapewa tundu lake karibu na paa. Mpoyi alinung'unika kwamba jikoni lisilo na meza si jikoni. Nikampa maji ya kunywa na kumwonyesha matofali.

Jumatano alitoboa mlango, Alhamisi akajenga. Ijumaa mchana ukuta ulikuwa umepita kichwa cha mtu mrefu, bado mbichi, juu kuko wazi. Mama aliwasha mbabula upande wake wa ukuta, nami nikawa napanga sahani sebuleni, mbele ya milango yote miwili. Begi lake la safari ya kesho lilikuwa bado mlangoni mwa chumba, nami sikuthubutu kuliulizia.

Badibanga alitoka chumbani na taulo begani, akakohoa kwa mazoea. Mama aliinuka nusu, akautazama ukuta, akakaa tena. Nyayo zikaingia njiani, halafu zikasimama. Mwiko nao ukasimama.

"Mukwe wangu," mama alisema.

Niliweka sahani chini, maana hakuwahi kumsemesha mwenyewe. Nilichungulia njiani: mume wangu, mtu mzima anayeendesha lori la mgodi, ameinamisha kichwa mbele ya matofali.

"Mama."

"Bukari ya jana ilikutosha?"

"Ilitosha, mama. Ya kubeba ku kazi tu njo haikubakia."

Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mama alishika mwiko wake.

"Kesho nitakusongea na ya kubeba."