Barua Iliyopata Namba

Jumapili ile, timu ya Radi ilipofunga goli la pili, Julie alikuwa anamenya viazi nyuma ya nyumba. Alisikia kwanza watu wakipiga kelele kiwanjani, kisha petari, vile vibaruti vya karatasi ambavyo washabiki huwasha wakifurahi. Tatu, nne, halafu nyingi kwa pamoja, pa-pa-pa-pa, hata mabati yakatetemeka. Alitupa kisu, akaingia ndani mbio. Mume wake hakuwa kwenye kiti. Alimkuta chini ya kitanda, kifudifudi, mikono juu ya kichwa, suruali imelowa.

"Baba Keren," alimwambia, "ni mupira. Ni batoto banafurahi."

"Funga mulango," mume alinong'ona. "Na wewe uingie huku. Bamefika kwa Kahongya."

Kahongya alikuwa jirani yao kule Kamango. Aliuawa miaka mitano iliyopita, siku ileile ambayo wao walikimbia.

Mume huyo, Zorobabel, alikuwa mwinjilisti. Miaka thelathini alitembea vilima vya Kamango na Biblia yake ndani ya mfuko wa plastiki, akizika watu, akifungisha ndoa, akipatanisha wenye mashamba. Siku waasi walipovamia kijiji, yeye na mke wake walilala porini mara mbili kabla ya kufika barabarani. Mwili wake ulitoka salama. Akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Kaka yake Julie aliwapa nyumba ya mbao huku Butembo, upande wa Mususa, nyumba nzuri, isipokuwa kwamba kati ya dirisha la chumba na kiwanja cha mpira hapakuwa hata hatua ishirini.

Kesho yake asubuhi Julie alivaa kikwembe cha kanisani, akaenda kumwona Précieux. Huyu kijana aliuza piesi, vipuri vya pikipiki, kando ya barabara, na ndiye aliyekuwa prezida wa Radi. Walisali parokia moja. Alipomwona, alifuta kiti kwa kitambaa.

"Mama Keren, mukae. Baba anaendelea namna gani?"

Alimweleza yote, hata habari ya suruali, ambayo hakutaka kuisema. Précieux alisikiliza bila kumkata.

"Mama, kusema kweli, mimi mwenyewe sipendi ile petari. Lakini supporters ni batu zaidi ya mia tano. Nikibakataza banacheka tu."

"Sasa nifanye nini, mutoto yangu?"

Précieux alifungua droo, akatoa karatasi yenye mhuri, ile autorisation, ruhusa ambayo bureau, yaani ofisi ya mtaa, ilikuwa inawapa kila miezi mitatu ili wacheze. Alimsomea kwa kidole. "Muangalie. Manifestation sportive, ni kusema mambo ya mupira, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili. Basi. Hakuna neno la petari. Mubaandikie barua, mama. Bakiongeza pale 'bila petari', mimi nitakuwa na nguvu. Nitaonyesha batu: si miye, ni bureau."

Alimsindikiza mpaka barabarani, akamtafutia pikipiki, akamwambia dereva asikimbie kwa mashimo.

Barua iliandikwa nyumbani kwa Vagheni, seremala aliyekaa nyumba ya pili toka kwao. Vagheni alikuwa na uchungu wake mwenyewe: siku za mechi wanaume walikojoa kwenye mbao zake, zile alizokuwa anazianika kwa ajili ya milango. Alizunguka nyumba kwa nyumba akapata sahihi ishirini na tatu. Wengine walitaka makali zaidi.

"Bafunge kabisa!" alisema mmoja.

"Hapana," Julie alijibu. "Hatuombe kufunga. Batoto bacheze. Tunaomba bapunguze."

Basi waliomba mambo matatu: petari zisiwashwe, baffle, zile spika kubwa za muziki, zielekezwe bondeni, na klabu ichimbe choo. Vagheni aliandika kwa Kifaransa, kwa sababu barua ya Kiswahili pale bureau husomwa mwisho. Juu kabisa aliandika neno moja kwa herufi kubwa na kulipigia mstari.

"Hilo ni neno gani?" Julie aliuliza.

"Plainte, ni kusema malalamiko. Ndiyo namna banaita barua kama hii."

Katibu wa bureau aliipokea vizuri. Alipiga mhuri, akafungua kitabu kikubwa, akaandika namba: mia moja na kumi na nne. "Murudi nyumbani, mama," alimwambia. "Itafuatiliwa." Julie aliona moyo umekuwa mwepesi. Njiani alinunua samaki wadogo wakavu, maana Zorobabel aliwapenda.

Siku kumi zikapita. Ijumaa, Vagheni alikuja akimwita toka barabarani. Kwenye nguzo ya goli kulikuwa na karatasi imepigwa misumari. Ilisema kwamba, kufuatana na malalamiko ya wakaaji, shughuli zote katika kiwanja hiki zimesimamishwa mpaka amri nyingine itakapotolewa.

Précieux alifika kabla ya mchana. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomuumiza Julie. Alisimama mlangoni na kofia yake ya pikipiki mkononi.

"Mama, ni hii ndiyo tulisikilizana?"

"Hapana, mutoto yangu. Mungu anaona. Nina kopi hapa, usome."

Aliisoma mpaka mwisho. Alirudi juu, akaitazama kwa muda ile plainte.

"Jumapili tunapokea timu ya Beni," alisema. "Baliisha kupanga safari. Twende, mama. Twende sasa hivi, tuiondoe."

Walikwenda watu watatu, Julie, Vagheni na Précieux, katika mvua ndogo. Chef, mkuu wa bureau, aliwapokea. Alikuwa mtu mpole, mwenye sweta, na juu ya meza yake barua yao ilikuwa ndani ya folda mpya.

"Mama, mulilalamika ao hamukulalamika?"

"Tuliomba bapunguze petari, Chef."

"Hapa kumeandikwa plainte. Bajirani makumi mbili na tatu. Sasa munisikie. Nikiruhusu mupira Jumapili, na mutu akikanyagwa pale, batasema nini? Batasema Chef alijua, baliisha kumuandikia, akanyamaza."

"Basi tunaiondoa," alisema Vagheni. "Sisi benyewe tuliileta, sisi benyewe tunaiondoa."

Chef alitikisa kichwa taratibu, kama daktari. "Barua ikiisha kupata namba si yenu tena. Na kopi ilipanda kule juu. Hata mimi sina tena uwezo."

"Nani ana uwezo?" Précieux aliuliza.

"Batawaandikia."

"Lini?"

Chef alitazama dirisha, ambako mvua ilikuwa inaongezeka. "Murudi Jumatatu," alisema.

Jumamosi asubuhi Précieux alipiga simu Beni tangu saa kumi na mbili. Simu ilipopatikana, wachezaji walikuwa tayari wamepita Kalunguta, ndani ya fuso, wanaimba. Hangeweza kuwarudisha. Aliwalaza katika madarasa ya shule, na kina mama wa kanisa wakawapikia sombe, majani ya muhogo. Julie alipeleka debe la viazi. Walimpokelea, lakini hakuna aliyemwambia akae.

Jumapili polisi walifika mapema wakasimama katikati ya kiwanja. Watu walikuja hata hivyo, kwa sababu habari haikuwa imewafikia wote, na wengine walisikia lakini hawakuamini. Kufika saa nane walikuwa mamia, wamesongamana pembeni, na ngoma zao, na vuvuzela, hawana cha kutazama. Nani aliyelisema kwanza, Julie hakujua kamwe. Alisikia tu sauti kupitia mbao za dirisha:

"Ni ule mama wa Kamango! Bakimbizi banakuya kutufungia kiwanja!"

Ngoma zikaanza kusogea. Zilizunguka kona, zikashuka njia ndogo, zikasimama mbele ya nyumba yake. Aliweka komeo la mlango. Aliona kati yao vijana aliowajua kwa majina, wale wanaobeba viti kanisani. Hakuna aliyerusha jiwe. Walipiga ngoma tu, wakiimba jina lake, na kila mwisho wa wimbo walicheka. Précieux alikuwa mbele yao, amenyoosha mikono, anapaza sauti, lakini alikuwa kama mtu anayezuia mto kwa kapu.

Julie alikwenda chumbani kumkinga mume wake. Kitanda kilikuwa kitupu, na chini yake pia. Aliporudi sebuleni, komeo lilikuwa limeondolewa na mlango uko wazi.

Zorobabel alikuwa amesimama kwenye ngazi. Alikuwa amevaa koti lake la mahubiri juu ya nguo za kulalia. Hakutetemeka. Aliwatazama wale watu wote, mmoja mmoja, kwa macho ambayo Julie hakuwa ameyaona tangu Kamango.

"Munatoka wapi?" aliwauliza. "Munakimbia tangu siku gani?"

Ngoma za mbele zilinyamaza. Za nyuma ziliendelea kidogo.

"Mama Keren!" aliita bila kugeuka. "Batu wote hawa banasimama na hakuna hata maji! Weka sufuria kwa moto. Benye batoto badogo baingie kwanza."

Hakuna aliyecheka sasa. Kijana mmoja mrefu alisogea mbele, bado amevaa glavu za golikipa. Alikuwa wa timu ya wageni. Baadaye Julie aliambiwa anaitwa Ariel.

"Tunatoka Beni, baba," alisema.

"Beni?" Zorobabel alishika ukuta. "Na kule bamefika?"

Kijana alitazama viatu vyake. Angeweza kusema ni mpira tu, tumekuja kwa ajili ya mpira.

"Ndiyo, baba," alisema. "Bamefika."

"Pole, batoto yangu. Poleni sana. Muingie."

Watu wakaanza kuondoka, wa nyuma kwanza, bila kuagana. Ariel alibaki wa mwisho pamoja na Précieux. Aliuliza kama kuna kazi ya kusaidia, na Julie alisema hakuna. Zorobabel alikataa kukaa mpaka sufuria iwekwe motoni. Basi Julie aliijaza maji, akaiweka, akachochea kuni, na yeye na mume wake wakaitazama ikichemka.

Jumatatu walirudi bureau. Chef alikuwa mkutanoni. Jumatano alikuwa safarini. Katibu aliwaambia wasichoke. Pale kisimani wanawake waliacha kumsalimu Julie, na kati ya wale ishirini na tatu wengi walisema hawakuweka sahihi, Vagheni aliwadanganya, walidhani ni karatasi ya msaada. Wachezaji wawili wazuri wa Radi walikwenda timu nyingine. Wengine walifanya mazoezi barabarani, kati ya pikipiki, mpaka mmoja akavunjika mguu.

Petari hazikulia tena. Zorobabel hakupona. Kila asubuhi aliamka akiuliza kama wale watu walipata kula, kisha akalala tena mchana mzima, na ilibidi Julie amgeuze ili asipate vidonda.

Wiki ya saba, Jumanne, lori lilimwaga mawe katikati ya kiwanja. Nyuma yake walishuka wanaume wawili na kamba ndefu, wakapima, wakapigilia vijiti vyenye rangi nyekundu toka goli moja mpaka lingine. Vagheni aliwauliza wanajenga nini. Walisema wao ni wapimaji tu.

Safari hii waliandika barua kali, na juu yake Précieux mwenyewe aliandika plainte. Katibu aliisoma akiwa amesimama. Halafu alitoa ile folda, ambayo ilikuwa imenenepa, akawaonyesha ukurasa mmoja bila kuwaachia.

"Muone. 'Kiwanja kinachosumbua bakaaji, kama inavyoonyeshwa na malalamiko namba mia moja na kumi na ine.' Kwa hiyo kilitolewa kwa kazi ya mupira, kikapewa kazi ingine. Na sahihi ni zenu hizi, zimeambatanishwa. Ni nyinyi munalalamika mupira, ni nyinyi munalalamika kumaliza mupira. Bureau ifuate ipi?"

"Kimepewa nani?" Précieux aliuliza.

"Jina halimo kwa kopi yangu."

"Limo kwa kopi ya nani?"

Katibu alifunga folda. Alionekana kuona haya kidogo, au labda alikuwa na njaa. "Hata mimi naishi humu mujini, mon frère," alisema. "Hata mutoto yangu alikuwaka anacheza pale."

Aliwapigia mhuri kwenye kopi yao. Namba mia moja na sitini na saba.

Nje, Précieux alikaa kwenye ngazi za bureau kama mzee.

"Mama, ni mimi nilikuambia uandike."

"Ni miye niliandika," alisema Julie.

"Lile neno niliweka mimi," alisema Vagheni. "Nilitaka ionekane barua ya batu balisoma."

Walirudi kwa miguu, Vagheni mbele, Précieux akisukuma pikipiki yake bila kuiwasha ili awe nao sawa. Walipoachana kwenye kona, alimsalimia Julie kwa mikono miwili, kama watu wanavyosalimiana kwenye matanga.

Msingi ulichimbwa wiki ileile. Mafundi walikuwa watu wa heshima, na walianza kazi kwa sala. Siku ya tatu mmoja wao, mwenye simenti mpaka kwenye nyusi, alikuja kubisha mlango.

"Mama, tusamehe. Kisima kiko mbali. Tuliona muko na tanki la mvua. Mungetupatia madumu mawili tu kwa leo?"

Julie alitazama juu ya bega la fundi. Nguzo moja ya goli ilikuwa bado imesimama, nyingine walikuwa wameikata na kuitumia kubebea udongo. Fundi huyu naye alikuwa ametumwa tu, na aliyemtuma alikuwa ametumwa.

"Bomba liko nyuma," alisema. "Mufunge vizuri mukimaliza."

Akarudi ndani kumgeuza mume wake upande wa pili.