Milioni Moja na Moja

“...kah! Kimevunjika! Kidole kimevunjika jamani!”

Kilisikika kama biskuti, haki ya Mungu, na aliyepiga kelele ni mpwa; mjomba mtu hata hakulia. Alitukana tu.

Mpwa wake, yule binti anayesoma hesabu chuoni, alikuwa kaganda ukutani. Mchana kweupe, karakana ya kutengeneza sefu imefungwa kwa ndani, na mkono wa mjomba umebanwa kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani. Aliyeshika mpini wa jiliwa ni Kifuu, fundi aliyefukuzwa hapohapo mwaka jana.

“Namba za sefu ya mzee!” Kifuu akanguruma.

“Babu alikufa nazo, bwege wewe!”

Kifuu akakaza. Mjomba akang’ata mdomo mpaka damu.

Huyo Kifuu aliijua desturi ya karakana. Babu, mwenye karakana, kila sefu aliyoitengeneza, aliigonga mgongoni namba moja kubwa: jibu la kuzidisha namba mbili za kuifungulia, ili mwenye kusahau akae chini ajitafutie. Hii ya kwake mwenyewe ilikuwa na 1,000,001.

“Nimeigawa kwa tatu, kwa saba, kwa kumi na moja, nikapanda hadi tisini na saba! Haigawanyiki! Mzee wenu mwongo!”

“Matusi yote hayo, kumbe hesabu ndiyo imekushinda,” mjomba akamtemea damu usoni.

Kifuu akashika kidole cha pili.

Binti akaikodolea ile namba. Milioni ni mia mara mia mara mia. Na namba yoyote ikizidishwa mara tatu namna hiyo, ukiongeza moja, lazima igawanyike kwa namba yenyewe na moja: hapa, mia na moja! Mwalimu kawaimbia mpaka wakachoka. Sasa baada ya tisini na saba, namba tasa inayofuata ni ipi? Mia na moja! Jitu limekata tamaa mlangoni kabisa!

“Muache! Ukivunja hicho, nazisahau zote!”

Kifuu akamkazia macho, kisha akalegeza jiliwa kidogo.

“Juu, mia na moja. Chini, elfu tisa mia tisa na moja.”

Kifuu akaifuata sefu, akazungusha namba za juu na za chini. Klak. Akacheka kama fisi, akatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Binti hakufikiri. Akaurukia ule mlango wa sefu kwa miguu miwili, chuma kinene kama godoro, na mfupa wa Kifuu ukalia kuliko biskuti mara kumi. Akapiga yowe la kutoboa bati. Mjomba akauchomoa mkono, akaokota nyundo kwa wa kushoto, akamshushia ya goti. Ya pili. Ya tatu.

“Mjomba, basi! Utamuua!”

“Nipishe, mwanangu.”

Binti akamkumbatia kiuno, akamvuta nyuma, nyundo ikaanguka. Mkono wa mjomba, vidole vinne vizima, kimoja kimepinda kama ndoano.

Na alichokuwa amekishika Kifuu humo ndani mlango ulipomla? Aa, sauti imenikauka. Kesho, nikishakunywa chai, mtakisikia chote.