Neno Lililotangulia Samaki

Mwanga wa nyika hauna pa kujificha. Hakuna mti wa kuuzuia, hakuna ukuta wa kuuvunja. Unashuka kilimani asubuhi, unazikanyaga nyasi zenye manyoya meupe, unazilaza, unaziinua, nyika nzima inakwenda kama maziwa yaliyomwagika, hadi ufike kijito cha Taliyelga na kuingia majini bila hodi.

Kijito chenyewe, jamani, mbuzi anakiruka. Hapa kinakuwa kicheko juu ya mawe, pale kinakuwa shimo na kimya, na ndani yake wanakaa samaki wawili wasiofanana. Sangara wa huko ni wa kiganja tu, mwenye milia mgongoni na tamaa tumboni. Trauti ni mwali wa maji baridi, mwenye madoa mekundu, anayeusikia unyayo wako kabla hujautua.

Tanhilu naye alikuwa mwali. Wiki ya saba tangu aolewe. Mumewe, Yulai, alikwisharudi kaskazini kwenye visima vya mafuta, akamwacha kwa wazazi wake. Na nyumba ile ilishika mila ya Wabashkiri wa kale: mkaza mwana hamsemeshi baba mkwe mpaka baba mkwe amfungue mdomo kwa zawadi. Wengine hutoa ndama, yakaisha siku hiyo hiyo. Mzee Ishbulat, baba yake Yulai, alisema atatoa trauti, wa kwanza wa mwaka, wa mkono wake mwenyewe, kama babu yake alivyomfungua mdomo mama yake.

Trauti hakuja. Na Tanhilu kimya.

Kimya akikanda unga. Kimya akimimina chai. Mama mkwe, Minzifa, mwenye ulimi wa pilipili, alimtegea vitendawili mezani makusudi.

"Kitendawili. Kapita kwenye miiba hakuchanika, kapita majini hakulowa."

Jibu likamjaa Tanhilu mdomoni kama tonge la moto, hamezi hatemi.

"Mzee, mtoto wa watu ataoza maneno tumboni," alisema Minzifa. "Mpe hata kuku."

"Kuku anapewa mgonjwa. Kesho nakwenda naye mtoni, anifungie ndoana."

"Vidole vyako vimekwenda wapi?"

"Vipo. Ndoana ndizo zimekuwa ndogo siku hizi."

Wakaenda. Ufito mwembamba kama unyasi, mshipi kama unywele, na mwishoni kibamba cha shaba mfano wa jani, ukubwa wa ukucha wa mtoto, cha kuzunguka majini na kumdanganya samaki. Tanhilu akafunga fundo. Mzee akarusha. Sangara. Akarusha tena. Sangara, na mwingine.

"Hawa ni wa paka," mzee akayaambia maji.

Hapo ndipo Tanhilu alipoona. Jua lilikuwa mgongoni mwa mzee, na kivuli chake kimelala shimoni, kirefu, cheusi, na chini ya ukingo trauti akijivuta ndani zaidi. Ishbulat, aliyefundisha kijiji kizima kuyaendea maji kwa magoti na jua usoni! Tanhilu akamtazama machoni. Mboni zilikuwa na utando, kama maziwa yaliyopoa.

Kumbe si trauti aliyekataa kuja. Ni mzee asiyekiona kivuli chake, wala hajamwambia mtu.

Tanhilu akinyamaza, atanyamaza wakati wa kukata nyasi, atanyamaza thelujini, na Yulai atarudi kwa mke aliyeisahau sauti yake. Akisema, atavunja mila, tena atamvua nguo mzee wa watu mchana kweupe. Akamvuta upindo wa koti. Mzee akadhani ni mbigili, akajinasua.

"Baba. Kivuli chako."

Sauti ilitoka na kutu, kama mlango wa ghala baada ya majira ya baridi. Kipozamataza, ndege wa nyikani, aliimba juu, akamaliza, akaanza upya. Kisha, polepole, Ishbulat akapiga magoti kama aliyesikia adhana.

"Kiko wapi?"

"Kimefika ng'ambo. Tuvuke, jua tulitazame."

Akamshika kiwiko, wakavuka. Wakakaa kitako, wakamumunya vidonge vya jibini kavu hadi maji yakasahau.

"Yupo?"

"Chini ya ukingo. Shibiri na nusu."

"Usinitie tamaa, mwanangu."

"Rusha juu ya jiwe. Hapo. Vuta taratibu. Ngoja. Sasa."

Mshipi ukalia. Ufito ukajikunja hadi ukabusu maji, na samaki akakimbilia mizizi.

"Legeza, baba. Kushoto. Legeza, nimesema."

Mzee akacheka na kulegeza, akacheka na kuvuta, hadi madoa mekundu yakalala majanini. Akalowesha mikono, akamnyanyua, akamweka Tanhilu viganjani.

"Zawadi yako hii. Imechelewa, neno limeitangulia."

"Basi nirudie kunyamaza?"

"Ukinyamaza, nani ataniambia nilipo?" Akapangusa uso. "Lakini mama yako asijue habari ya macho haya."

"Mama anajua, baba. Kikombe chako hakiweki mezani. Anakupa mkononi."

Mzee akaanza kukunja mshipi wake.

Walirudi jua likiwa utosini, Tanhilu mbele, mzee nyuma ameshika ncha ya ushungi wake, na kinywa kile cha wiki saba hakikufungwa.

"Nyasi zinafanyaje?" mzee akauliza.

"Mwanga unazipitia, baba. Zimelala hadi kilimani." Akasimama, naye akasimama. "Ngoja. Sasa zinainuka."