Fundi Bado na Gari la Mkewe

Wateja walimwita Fundi Bado, na jina lilimkaa. Ukimpelekea gari ukauliza kama plagi zibadilishwe, atazichomoa, atazifuta kwa kitambaa, atazitazama kwa jicho moja, kisha atasema, "Bado." Mkanda je? "Bado." Maji ya rejeta? "Bado, nenda zako." Mafundi wenzake walimcheka kwamba anafukuza riziki kwa mikono miwili, lakini gereji yake haikukosa foleni.

Mkewe alikuwa mkunga. Mwezi uliopita alipandishwa cheo, akaambiwa akaongoze wodi ya wazazi katika hospitali iliyo kilomita mia nne kutoka nyumbani, aripoti Jumatatu. Fundi alimpongeza mbele ya watu, akacheka meno yote nje, halafu akaliingiza gari la mkewe gereji, "mara moja tu, nilipige sevisi ya safari." Hiyo mara moja sasa ilikuwa siku ya tisa. Alibadilisha oili. Akabadilisha plagi, chujio la hewa, mkanda, breki pedi, hata mipira ya waipa. Kila jioni mkewe akiuliza kama gari tayari, jibu lilikuwa lilelile: "Bado, Mama Pacha. Barabara ndefu hii."

Ukweli aliujua mwenyewe. Pacha wao wote wawili walishaoa na kuhama. Mke naye akiondoka, angebaki na redio na sufuria moja. Na zaidi ya upweke, aliogopa jambo ambalo hakuthubutu kulitamka: kwamba mkewe atapazoea huko, kuja nyumbani kuwe kwa nadra, mwisho asije kabisa.

Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya kuripoti, Mama Pacha alikuja gereji mwenyewe, sare zake zikiwa zimeshapigwa pasi na kufungashwa nyumbani. Aliinama kwenye pipa la spea mbovu, akatoa plagi nne, akazipanga juu ya meza ya spana.

"Hizi zina nini?"

"Zimechoka."

"Baba Pacha, hizi zina rangi ya kahawia, safi kabisa, kama ulivyonifundisha mwenyewe plagi nzima inavyokuwa. Mteja angekuletea ungemwambiaje?"

Fundi alijifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu. "Ningemwambia bado."

"Na mkanda?"

"Bado."

"Na hiyo pampu ya maji uliyoifungua leo?"

Pampu ilikuwa imelazwa juu ya gazeti, inang'aa. "Haina neno," alisema kwa sauti ya chini.

"Basi usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Leo mimi ni mteja. Gari hili lilihitaji nini tangu siku ya kwanza?"

"Oili. Na breki pedi za mbele. Kazi ya asubuhi moja." Alizikusanya zile plagi mkononi. "Siogopi gari, mke wangu. Naogopa utapazoea huko."

Mama Pacha kwa kawaida hana dogo, ila safari hii hakumcheka. Alivuta kigoda akaketi karibu naye.

"Nitapazoea," alisema. "Nisipopazoea nitafanyaje kazi? Lakini wewe nimekuzoea miaka ishirini na sita, mbona kila jioni nausikilizia mlango nikikungoja?"

Fundi alichukua spana yake. Kisha akavaa ovaroli, akairudisha pampu. Saa kumi na moja jioni injini ilikuwa inanguruma taratibu, na akalisema neno ambalo kwa siku tisa alikuwa amelikwepa. "Tayari."

Kabla ya kutoa ufunguo alichukua stika ndogo, ile ya kubandikwa pembeni mwa kioo kumkumbusha mwenye gari arudi lini kwa sevisi nyingine. Akasoma kilomita kwenye dashibodi, akaandika, akabandika. Mama Pacha aliinama kuisoma. Midomo yake ilianza kuhesabu, ikasita, ikahesabu tena. Oili ile ilikuwa ya kutembea kilomita elfu tano. Mumewe alikuwa ameongeza mia nane tu, za kwenda na kurudi.

"Fundi," aliuliza, "na sevisi hii inahitajika kweli?"

"Hiyo inahitajika," alijibu, bila kumtazama usoni.

Mama Pacha alipokea ufunguo, na stika akaiacha palepale.