Kengele ya Mlango wa Nyuma

Umeme ulikatika mchana, ukarudi, na Mama Fundi akaendelea kuosha vyombo kwa raha zake. Juu ya kabati, kompyuta ya nyumbani ilikuwa imejiwasha tena, taa zote zikiwaka kijani. Bintiye, fundi wa kompyuta, ndiye aliyeiweka kwa ajili ya Mzee, baba yake, ambaye siku hizi akitoka peke yake hakumbuki njia ya kurudi. Akifungua mlango wa mbele, kengele ya jikoni hulia mara moja. Akifungua wa nyuma, unaoelekea relini, hulia mara mbili.

Simu ikaita.

"Mama, umeme umekatika hapo?"

"Umerudi zamani. Baba yako leo katulia kama mtoto aliyeshiba. Kengele haijalia hata kidogo."

Binti akasema polepole, "Mama, kamtazame."

Kitanda kitupu. Chooni hamna mtu. Milango yote miwili imefungwa, maana hujirudishia yenyewe. Akairudia simu.

"Hayupo! Na hili dubwana lako linanikodolea mataa tu!"

"Programu zimeamka, Mama, ila kila moja imo ndani ya kontena lake, kama mtu aliyefungiwa chumbani peke yake. Mtandao wa kuziunganisha niliuunda kwa mkono, na mashine ikizimika unapotea. Ya mlango imeona, ya kengele haijaambiwa. Naingia kutoka huku kazini niuunde upya. Ujumbe uliokwama utapita, kengele italia. Ngoja."

"Ningoje? Mume wangu yuko nje, mimi ningoje?"

"Sasa utakimbilia wapi, mbele au nyuma?"

Alisimama katikati ya jikoni, povu likimtiririka viwikoni, macho kwenye kengele. Mbali, treni ikapiga honi. Mama Fundi, aliyezoea kumtania mumewe kwamba hata Mungu hana haraka naye, akaomba kimoyomoyo utani huo uwe haukusikika huko juu.

Kengele ikalia. Mara moja. Akageukia mlango wa mbele.

Ikalia tena.

Alitoka nyuma peku, mbio ambazo hakujua kama bado anazo. Mzee alikuwa amekaa juu ya reli, anafunga kamba za viatu kwa utulivu wa bwana harusi. Akamkamata ukosi, akamburuta hadi kwenye nyasi, na treni ikapita ikiwapulizia vumbi usoni.

"Unavuta watu kama mizigo wewe," Mzee akalalamika.

Jioni binti alikuja, akaiagiza mashine iuunde mtandao yenyewe kila inapowaka, kabla programu hazijaanza. Wakachomoa waya, wakachomeka, wakafungua mlango. Kengele ikalia. Wakarudia. Ikalia.

Lakini Mama Fundi hakiamini tena kimya. Nyumba ikitulia mno, huacha sufuria motoni, akaenda kuufungua mlango wa nyuma mwenyewe.

"Nani huyo anatoroka?" Mzee huuliza kutoka chumbani.

"Mimi. Lala."

Na mkono wake hautoki kwenye komeo mpaka kengele ilie mara ya pili.