Kinini Inapiga Hodi

Wewe, mlango wako ukipigwa hodi alfajiri, na sauti ni ya mwana uliyemzaa mwenyewe, unaweza kukaa kimya mpaka aondoke?

Djamila aliweza. Aliweza Ijumaa tatu zikifuatana, na asubuhi hii ya Jumanne, amechuchumaa mbele ya mbabula yake, jiko la makaa, akipuliza makala, alikuwa bado anajishangaa.

Makala yenyewe yalikuwa machache. Zamani alinunua mfuko mzima ukamfikisha mwisho wa mwezi. Siku hizi mtaa wote wa Kasungami unanunua kwa kopo la rangi, na mama muuzaji ana ufundi wa kupanga vipande vikubwa juu, chini ikabaki hewa. Maji yalipochemka aliyamimina kwenye termosi, akakata mkate, akala nusu, nusu akaifunika kwa sahani. Kisha akakaa kwenye cherehani.

Alikuwa na kola kumi na nane za mashati ya shule. Kola haitaki haraka. Unaishona kwa ndani, unaigeuza, unaisukuma pembe kwa kijiti mpaka iwe kali, halafu unaipiga pasi. Ila pasi hakuwa nayo tena. Ile pasi yake nzito ya makala, yenye kijogoo cha chuma pale mbele, Hassani aliiuza mwezi wa pili. Basi Djamila alikuwa anazikunja kola kwa ukucha, anazipanga chini ya mto wa kiti, halafu anazikalia huku akishona nyingine.

Redio ya nyumba ya pili ikafunguliwa, na wimbo ukaingia kupitia ukutani kama kila siku.

*Mama, nikipiga hodi usifungue. Haiko mie, njo kinini inapiga hodi.*

Kinini ni kidonge, na hakuna asiyejua siku hizi ni kidonge gani: kile cha kulevya vijana. Kijana mwenye sauti laini ndiye aliyeimba, juu ya ngoma tamu ambayo hata watoto wa miaka mitatu walikuwa wanaikatikia uani wakigonga mabati. Asubuhi redio iliupiga, halafu ikawauliza wasikilizaji, maana yake nini? Watu wakapiga simu kutoka Luano, kutoka Kipushi, na wote wakasema lile lile: bana benyewe ya bikinini banatuambia tufunge milango, sasa sisi tunangojea nini? Mhubiri mmoja aliufanyia mahubiri wiki mbili. Wenye nyumba za kupanga wakaanza kununua makomeo.

Watu wengine waliutii ule wimbo kwa kucheza. Djamila aliutii kwa komeo.

Hassani alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alikuwa mpakiaji kwenye depo moja ya barabara ya Kipushi, pale malori yanapopakiwa mifuko kuanzia machweo. Mwanzoni alikuwa anarudi asubuhi na vumbi mpaka kwenye kope, anakula bukari, ugali wa mahindi, na samaki, analala. Siku moja alimsimulia mama yake, akicheka, kwamba patron, mwenye depo, ana kopo la maziwa ya unga pale mezani, na ndani si maziwa. Kila mpakiaji anachukua kinini kimoja kabla ya kazi, ili mgongo usisikie mfuko na macho yasisikie usingizi. Baadaye akawa hacheki. Baadaye depo ikamfukuza kwa sababu mikono inatetemeka. Kopo likabaki kule, yeye akabaki na njaa yake. Ikaondoka pasi, zikaondoka sufuria mbili, ikaondoka saa ya marehemu baba yake, mwisho akaondoka yeye mwenyewe.

Tangu hapo nyumba ilinyamaza. Kwenye bomba la maji wanawake walikuwa wanaongea, Djamila akifika wanakumbuka ndoo zao. Wateja walituma vitambaa kwa watoto, wasiingie wenyewe. Kuna siku alijikuta anaisemesha cherehani, anaiambia taratibu, taratibu, kama mtu anayetuliza mbuzi.

Saa tatu kaka yake mkubwa, Moustapha, aliyemwita yaya, alifika na karatasi ndani ya mfuko wa nailoni.

"Salaam aleykum. Umejitayarisha?"

"Aleykum salaam, yaya. Kunywa chai kwanza."

"Chai nitakunywa. Lakini leo tunamaliza hii mambo." Moustapha aliuza simenti na misumari sokoni, na wiki iliyopita polisi walimchukua mbele ya wateja kwa sababu nyaya za mtu zilipotea na jina la Hassani lilitajwa. "Balinivua mukaba, Djamila. Na viatu. Mie, mwenye mvi hivi, nimesimama mu kasho ya polisi na soksi. Shefu wa avenyu anasema njia iko moja. Unatia mukono ku karatasi ya kusema Hassani haishi tena kwako, haiko tena mutu wa nyumba yetu. Pale hakuna mwenye atanigusa."

"Na yeye bakimukamata?"

Moustapha aliangalia chai yake. Wote wawili walijua. Vijana wasio na anwani walikuwa wanapakiwa kwenye lori na kupelekwa mbali, na kwa kuwa hawana nyumba, hakuna nyumba inayoambiwa.

"Hata wimbo unasema," alijibu mwishoni. "Usifungue. Haiko yeye tena."

Kisha akatoka kwenda kumtafuta shefu wa avenyu, kiongozi wa barabara yao, ili awaandikie barua fupi ya kuonyesha kwenye biro.

Alipotoka, Madeleine aliingia. Mama huyu wa Kikasai, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na moja, ndiye jirani pekee aliyekuwa bado anaketi kwenye kiti cha Djamila. Nyuma yake alikuwa mjukuu wake Gracia na daftari. Djamila alikuwa ameomba maneno ya ule wimbo yaandikwe, maana alitaka kuyaona yamesimama. Redioni yanapita haraka.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyosoma shuleni. Hapakuwa na neno hata moja lililomshinda. *Nitagonga mpaka asubuyi, nitapiga mulango na mateke. Nitalia na sauti ya mutoto wako. Usifungue.*

"Bon," Madeleine akasema, na sauti yake ikawa ya darasani. "Nani iko nasema?"

"Mutoto."

"Mutoto wa nani?"

Djamila akainua kichwa. "Wa... wa ule mama wa mu wimbo."

"Na wa kwako, akikuyaka hapa kwako, anapiga mulango na mateke?"

"Hapana."

"Anagonga mpaka asubuyi?"

"Hapana, mama Madeleine. Anasema salaamu mara tatu. Halafu anarudi."

"Mara tatu sababu gani? Anahesabu?"

"Njo vile tunafundishaka bana. Ukifika ku nyumba ya mutu unasalimia mara tatu. Habakuitike, unarudi, na usikasirike. Baba yake alimufundisha akiwa na myaka ine. Hata ku nyumba yetu alikuwa anafanya vile, anatoka kucheza, anasimama ku mulango wake mwenyewe: Asalaam aleykum! Tulikuwa tunamuchekaka."

Madeleine alivua miwani akaifuta kwa kitenge. "Aba! Kumbe kinini inajua adabu ya baba yake?"

Gracia akacheka, kisha akaona bibi Djamila hacheki, akafunika mdomo.

Djamila alikuwa anasikia tena zile asubuhi tatu. Alikuwa amesimama ndani, kiganja juu ya komeo. Salaamu ya kwanza ilikuja kwa sauti ya kawaida. Ya pili ilikuwa chini zaidi. Ya tatu ilikuja baada ya kukohoa, kama mtu anayeona haya kusumbua. Halafu ndala zikavuta mchanga kurudi barabarani. Kila mara alikuwa amejiambia, si yeye, ni kinini. Kijana mwenye njaa ile, anayetetemeka mpaka meno, alikuwa amesimama nje ya mlango wa bati ambao teke moja lingeuangusha, akahesabu mpaka tatu, akaondoka bila kukasirika.

Alirudisha kidole kwenye daftari. Alitafuta juu, akatafuta chini, akafunua ukurasa wa pili.

"Na patron? Ule wa kopo? Iko ku kuplet gani, ku mustari gani?"

"Haiko, kambo," Gracia alimjibu bibi Djamila. "Patron haimo mu wimbo."

Biro ya karitye, ofisi ya mtaa, ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Moustapha alirudi na ile barua, akatangulia, Djamila akafuata hatua mbili nyuma, jua likiwa tayari kali. Njiani kaka alimkumbusha desturi, ingawa hakuhitaji kukumbushwa. Katika ukoo wao, mwanamke mjane akiwa na neno mbele ya wakubwa, analisema sikioni mwa kaka yake, na kaka ndiye analitoa. Ndivyo ilivyokuwa kwenye mahari ya binti yake, ndivyo ilivyokuwa kwenye kiwanja. Ilikuwa heshima. Na kwa kweli miaka mingi Djamila aliiona kama mwavuli.

Walikalishwa kwenye benchi mpaka saa sita na nusu. Sekretari, jina lake Kangwa, alikuwa na meza moja, tampon mbili za kugongea mihuri na simu iliyochomekwa kwenye betri ya gari. Kwanza alisema karatasi haina fotokopi. Moustapha akaenda kutafuta fotokopi, na kura hakuna, umeme umekatika, ikabidi angojee mwenye jenereta. Aliporudi, Kangwa akasema inatakiwa farde ya kuwekea karatasi, tena ya rangi ya kijani.

"Shefu, ya bleu haifae?"

"Papa, kama ya bleu inafaa ningesema bleu."

Moustapha akaenda tena. Djamila alibaki peke yake mbele ya meza. Kangwa aligusa simu, wimbo ukaanza, naye akawa anapiga tampon yake kwa kufuata ngoma.

"Wimbo ya maana sana hii, mama," alimwambia, kwa nia njema kabisa. "Inasaidia bazazi. Tangu itoke, nimeshafanya karatasi kama hii zaidi ya makumi mane. Wamama banakuya, banatia mukono, inaisha. Hata njo banasema: shefu, sasa ninalala."

"Na bale bana?" Djamila aliuliza.

"Bana gani?"

Makumi manne. Djamila alijaribu kuwaona wale akina mama, kila mmoja ndani ya nyumba yake iliyofungwa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupita kwake kusema, na mie vile vile.

Farde ya kijani ilipofika, Kangwa alizima simu, akachukua kalamu, akaanza kujaza.

"Jina?"

"Hassani, mwana wa Amadi," Moustapha akajibu.

"Alizaliwa?"

"Lubumbashi. Elfu mbili na tatu."

"Kazi?"

"Haina."

"Alikuwa mpakiaji," Djamila alinong'ona sikioni mwa kaka yake. Moustapha hakulitoa.

"Anaishi wapi?"

"Haijulikane."

Kalamu ilianza kuandika. Djamila akainama tena, akaliweka neno lake mahali pake, polepole, ndani ya sikio la kaka yake. Moustapha alilisikia. Alitazama ukuta, pale palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita.

"Mama anasema nini?" Kangwa aliuliza.

"Hakuna kitu. Endelea, shefu."

Djamila akanyooka.

"Anaishi kwangu," alisema, kwa sauti, kwa mdomo wake mwenyewe.

Kalamu ilisimama. "Mama, hii karatasi ni ya bale habaishi tena ku nyumba. Nikiandika vile, haina kazi."

"Basi haina kazi."

"Djamila," kaka yake alisema, chini chini, na hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, mzee wa watu. "Na mie? Bakikuya tena ku butike? Bakinivua tena viatu?"

Djamila alimtazama usoni, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi.

"Sijue, yaya. Kweli sijue. Mie ninataka mutoto wangu arudi ku nyumba."