Ubatizo Uliokosa Mtoto

Huko San Ignacio, nchi kavu ilikuwa na padri wake na ghuba ilikuwa na Eulalia. Padri alibatiza watoto wa watu. Eulalia, nahodha wa boti ya watalii, alibatiza wa nyangumi. Kila majira ya baridi nyangumi wa kijivu mwenye baka jeupe shavuni alimletea mwanawe ubavuni mwa boti, naye akammwagia mtoto kikombe cha maji ya bahari kichwani na kumpa jina lenye hadhi. Ndivyo walivyopatikana Gavana, Askofu na Kanali. Mama yao akawa komadre wake, na hapo hakuna wa kubisha: ukimbatizia mtu mwanawe, mmeshakuwa ndugu.

Mwaka huu kikombe kilikaa kikavu. Februari ilikuwa inayoyoma, na hakuna boti iliyokuwa imeona mtoto hata mmoja.

"Komadre wako amehama parokia!" Refugio, kompadre wake wa nchi kavu, alimtania kutoka boti ya jirani.

"Funga bakuli lako, kompadre. Atakuja. Hata jina ninalo: Rais."

"Maskini! Hajazaliwa na keshaanza kulaumiwa."

Pale nyangumi hafukuzwi, huitwa. Eulalia alizima injini, akainama, akapigapiga maji kwa kiganja. Akapiga hadi bega likamuuma.

Baka jeupe likaibuka. Watalii wakashangilia. Komadre alikuja peke yake, polepole, akaegemea boti akatulia, wao wakimbusu kwa zamu.

"Ametupenda!" mmoja alilia kwa furaha.

Eulalia alimpapasa komadre nyuma ya kichwa, mkono ukazama bondeni. Nyangumi aliyeshiba hana shingo. Huyu alikuwa nayo.

"Kompadre, hebu njoo."

Refugio alisogea, akatazama, akavua kofia. Utani ulimwishia.

"Huko kaskazini wanakotoka hakuna chakula," alisema. "Wamekuja na njaa yao."

"Alikuwa amejipumzikia. Mimi ndiye niliyemwita."

"Ungejuaje, komadre?"

Eulalia aliwaambia watalii muda umekwisha, ingawa haukuwa umekwisha, akawasha injini. Boti ilipojitoa, nyangumi alilala upande, kama mgonjwa aliyeondolewa mto.

Njiani maji yalikuwa yameingia botini. Eulalia alitafuta cha kuyachotea, akakiona kikombe, akakitumia.